Tulivyopeleka Nduma Ofisi ya Kompyuta

Watu wengine wakiamka huuliza kama usiku mvua imenyesha. Mimi huuliza lugha gani imetukanwa jana.

Ni binti yangu aliyenizoesha. Zamani gazeti nilikuwa nasomewa na marehemu mke wangu. Mimi mwenyewe kusoma nasoma, lakini polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, na nikifika ng'ambo nimesahau nilikotoka. Mke wangu alipokwenda, gazeti likaenda naye. Halafu binti yangu akarudi hapa Tetu na kompyuta yake, akaweka meza chumba cha mbele, akasema kazi yake anaweza kuifanya hapo hapo mradi stima isipotee. Asubuhi tukinywa chai yeye husoma kwenye simu habari za watu wa kazi yake. Nikamwambia, soma kwa sauti, habari ni habari. Akawa ananitafsiria.

Kabla sijaenda mbali niseme kwamba huyu binti mimi namwita mama. Kwetu msichana wa kwanza huchukua jina la mama ya baba yake, kwa hivyo alizaliwa akiwa tayari na cheo. Sikuwahi kumchapa. Utamchapaje mama yako? Na yeye alijua. Tangu akiwa mdogo akitaka kunituma alikuwa ananiita mwanangu. "Mwanangu, niletee chumvi." Nilikuwa naleta. Mke wangu alikuwa anasema kwamba katika nyumba hii yeye ni mgeni wa watu wawili.

Sasa lugha. Lugha za kompyuta ni nyingi kuliko makanisa ya hapa Nyeri, na ni kama makanisa, kila moja iko na watu wanaoamini zile zingine zimepotea. Majina yake siwezi kuyatamka, lakini karibu kila lugha iko na mnyama wake, na binti yangu amebandika stika za wanyama hao nyuma ya kompyuta. Mimi nikikaa upande wangu wa meza nawaona wao, yeye anaona kazi. Kuna nyoka wawili waliosokotana. Kuna kaa mwekundu, ambaye sijawahi kumwona akiwa hai. Kuna ndovu wa samawati, mkubwa, amechakaa pembeni kwa kubebwa sana, na huyo ndiye lugha ya binti yangu. Ndovu ndiye aliyemlisha tangu atoke chuoni. Kwa lugha hiyo aliandika programu inayopima maziwa: unamwaga maziwa kwenye kituo, mizani inasoma kilo, na ujumbe unakuja kwa simu yako. Vyama vya maziwa vya huku kwetu vinaitumia, mpaka Othaya, mpaka Karatina. Hata maziwa yangu yanapita kwa mkono wake.

Na huyo ndovu alikuwa anatukanwa, wacha nikwambie. Mtu mmoja huko ulaya anaandika kwamba ndovu amekufa. Kesho yake mwingine anajibu kwamba kama amekufa mbona maduka ya mtandaoni yamepanda mgongoni mwake. Wa tatu anasema hajafa lakini ananuka. Binti yangu alikuwa akicheka mpaka chai inamwagika. "Baba, hii maneno ya kusema imekufa ilianza nikiwa chuo." Siku moja walikuwa wanagombana kama mstari ukiandikwa usukumwe ndani kwa kubonyeza mara moja au mara nne. Watu wazima, wenye watoto. Mimi nilikuwa upande wa mara moja, kwa sababu ya uvivu. Yeye akasema, basi sisi hatuwezi kuoana hata tungekuwa si jamaa.

Nilizipenda asubuhi hizo. Ni kama siasa, lakini hakuna anayekuja kukuomba kura.

Pembeni ya ndovu kulikuwa na mnyama mwingine ambaye sikumpenda kutoka mwanzo. Ana macho makubwa, meno mawili mbele, na rangi ya mbingu. Nikamwuliza ni nani. Akasema ni mnyama wa nchi za ng'ambo, anachimba chini. Nikasema huyo ni fuko. Akasema si fuko kabisa, ni kama binamu yake. Nikasema binamu ya fuko ni fuko, na huyu wamemkosea, fuko hana macho ya namna hiyo. Nyinyi ambao hamjalima hamjui. Unalima kabichi, imekaa vizuri, unapita asubuhi unaisifu, ukiishika kichwa inakuja mkononi yote, mizizi imeliwa. Juu hakuna alama. Kuna mzee alikuwa anatuwindia fuko hapa kwa mtego wa kijiti kilichopindwa na waya, na akimnasa analeta mkia ili ulipe. Watu walikuwa wanasema mkia mwingine umeshazunguka mashamba kadhaa. Lakini nilikuwa nasema juu ya lugha.

Lugha ya fuko ni ya haraka. Hiyo ndiyo sifa yake. Kila aliyeandika habari zake alisema ni ya haraka, ni rahisi, haichoki.

Halafu habari zikabadilika. Ikaja hiyo mashine ya kuandika yenyewe. Unaiambia unachotaka kwa Kiingereza cha kawaida, nayo inaandika programu kwa lugha unayoitaka, ya ndovu, ya kaa, ya nyoka, yote kwake ni sawa. Mwanzoni tuliisikiliza kama kichekesho. Mtu alisema iliandika kitu kisichokuwepo na kukiapia. Mwingine akasema inamfanyia kazi ya wiki kabla hajamaliza kahawa. Ikawa asubuhi zote ni za hiyo mashine tu. Mmoja anasema waandishi wa programu wamekwisha. Mwingine anasema anayesema wamekwisha ndiye anayeiuza. Nikauliza, "Na wewe mama, unasema nini?"

"Mimi naitumia, baba."

"Wewe pia?"

"Kila mtu. Usipoitumia unaonekana mvivu."

Baada ya hapo akaacha kusoma kwa sauti. Alisoma mdomo umefungwa, chai inapoa. Mimi nilingoja siku chache, maana mama yako usimharakishe, mwisho nikauliza. Akanieleza kwa sauti ya mtu anayesoma bei. Ofisi yao imeamua programu ya maziwa ihame kutoka kwa ndovu kwenda kwa fuko. Kuandika upya ilikuwa kazi ya watu wengi na miaka. Sasa mashine itaandika, na watu watakagua. Wenye kubaki wawe wachache. Nani atabaki, wataambiwa.

"Na wewe unamjua fuko?"

"Namjua. Lakini kuna wengi wanamjua kuliko mimi, na mashine inamjua kuliko wote."

"Ukiachwa?"

"Nitatafuta Nairobi. Hapa hakuna ofisi nyingine ya hii kazi."

Mimi nikatoka nikaenda kwa ng'ombe, sikuwa na shida yoyote na ng'ombe.

Sasa nitasema nilichofanya, na msinicheke kabla sijamaliza. Mimi katika maisha yangu nimewahi kwenda kumtetea mtoto mara moja tu. Ni huyu huyu, akiwa sekondari ya bweni, akamjibu mwalimu vibaya, akarudishwa nyumbani aje na mzazi. Nilivaa koti. Nikakaa mbele ya mwalimu mkuu, nikaomba msamaha kwa maneno yote niliyokuwa nayo, tukafungua soda, mtoto akarudi darasani. Kichwani mwangu mtoto akitishiwa kutolewa mahali, hiyo ndiyo njia. Mzazi huvaa koti akaenda.

Lakini kwetu mtu haendi kujisemea. Unatafuta mdomo wa mtu mwingine. Nikapanda gari, nikaingia Nyeri mjini, nikamwendea rafiki yangu anayeuza magunia na kamba nyuma ya soko. Ni Mwislamu wa hapa hapa mjini. Babu yake alikuja na kazi ya barabara kutoka mbali, bibi yake ni wa upande wetu. Kikuyu anakijua mpaka matusi, na Kiswahili chake ni maji, wakati changu ni kokoto. Nikamweleza. Akakunja gunia alilokuwa anashona.

"Unataka kupeleka nini?"

"Nilikuwa nafikiria mbuzi."

"Ofisi iko ghorofa ya ngapi?"

"Iko juu."

"Ndugu yangu, mbuzi atapanda ngazi?"

"Mbuzi hupanda mlima."

"Mlima hauna askari mlangoni."

Tukakubaliana nduma, ambazo wengine huziita majimbi, zilizochemshwa tayari, na mkungu mdogo wa ndizi. Alisema watu wa kompyuta hawana jiko.

Siku yenyewe nilitoka baada ya binti yangu kutoka. Ilikuwa siku yake ya kwenda ofisini. Mjini baridi ilikuwa ile ya kushika masikio. Askari wa mlangoni akatuangalia, wazee wawili, mmoja na kofia ya mviringo, mwingine na koti la harusi ya mtu mwingine, na kapu limefunikwa kitambaa. Akauliza tunaenda kwa nani.

"Kwa wakwe," rafiki yangu akasema. Askari akatufungulia.

Bosi ni kijana. Sisemi kwa dharau, ni kijana wa heshima. Alisimama, akatuita guka, yaani babu, akatutolea viti yeye mwenyewe. Alikuwa na vitu vyeupe masikioni, akavitoa akaviweka mezani. Chumba kilikuwa kimya. Nilidhani mahali pa kompyuta pana kelele kama kinu cha mahindi. Watu wawili walikuwa wameinamia skrini zao, na binti yangu hakuwa mmoja wao. Nyuma kulikuwa na chumba cha vioo, nikaona mgongo wake humo.

Rafiki yangu akaanza kwa salamu. Salamu zake ni ndefu, zinazunguka mvua, afya, bei ya mahindi, mpaka mtu anasahau amekujiwa. Kisha akatua.

"Sisi ni wazazi wa yule binti wenu wa maziwa. Mtoto akikosa, mzazi huitwa. Sisi hatukuitwa, tumejileta. Kama kuna alipokosea, mwenzangu hapa yuko tayari kusema pole, na mimi ni shahidi."

Nami nilikuwa nimejitayarisha kweli. Njia nzima nilipanga makosa yake. Kama ni kuchelewa, nitasema barabara ya kwetu ikinyesha haipitiki. Kama ni mdomo, nitasema amerithi, nitamtaja bibi yake. Kama ni kazi mbaya, hapo nilikuwa sijapata la kusema, lakini nilijua hawatasema hivyo.

Bosi akasogeza vile vitu vyeupe kando. "Guka, hajakosa."

"Hata kidogo?" rafiki yangu akauliza.

"Hajakosa chochote. Ndiye bora tuko naye. Ile programu ya zamani, hapa hakuna mwingine anaijua ndani yote. Hata mimi siijui hivyo."

"Basi tumekuja bure, tule ndizi tuende."

Kijana hakucheka. Akaangalia mikono yake.

Nataka mnielewe hapo. Kosa lina dawa. Mtu akikosa kuna njia, kuna mbuzi, kuna wazee, kuna maneno yanayosemwa yakaisha. Sasa huyu ananiambia mtoto wangu hana kosa, na bado anaweza kutolewa. Nilihisi kama mtu aliyebeba ufunguo safari nzima, akafika akakuta nyumba haina mlango. Nikamwuliza mimi mwenyewe, nikavunja desturi, "Kama hana kosa, nani ana kosa tumwendee huyo?"

"Hakuna, guka. Wenye kampuni wako mbali, hata mimi nawaona kwa skrini tu. Nao wanaangalia wengine wanafanya nini. Mimi pia sijui mwaka ujao niko wapi."

Halafu, nadhani kwa sababu hakujua la kutufanyia, akageuza skrini akatuonyesha mashine. Akaandika maneno machache kwa Kiingereza, kama mtu anayeagiza chai na chapati. Mistari ikaanza kuteremka. Mnajua mfereji wa shamba ukifunguliwa juu, maji yanakuja yakitafuta njia, yanajaza shimo hili, yanapita, yanajaza lile? Hivyo. Haikusimama kufikiri. Binti yangu huwa anasimama, huuma kidole, hutoka akaangalia mlima kama umejitokeza, akarudi. Hii haikuuma kidole.

"Ikiandika uongo?" rafiki yangu akauliza.

"Ndiyo maana tunahitaji mtu wa kukagua."

"Yeye?"

"Yeye. Nimewaomba wamwache mpaka kuhama kuishe. Hilo wamekubali."

"Na kukiisha?" nikauliza.

Akachukua ndizi moja, akaishika bila kuimenya.

Wakati huo mlango wa vioo ukafunguka. Binti yangu akaniona, akaona koti, akaona kapu. Uso wake haukubadilika, na mimi najua ukikosa kubadilika ni vibaya. Akamsalimu rafiki yangu vizuri, "Shikamoo, baba," akajibiwa "Marahaba, mama." Akamwambia bosi anaomba dakika chache. Tukatoka naye hadi kwenye ngazi, rafiki yangu akabaki ndani kugawa nduma, maana alisema kapu lililofika halirudi.

"Baba, ulikuja kufanya nini?"

"Kuomba."

"Kuomba nini?"

"Sasa sijui. Nilikuwa najua nikipanda."

Akaegemea ukuta. "Unajua watasema nimekutuma? Nimekaa wiki nzima nikijionyesha kwao mtu mzima, ati kazi ni kazi, hata ikiisha sawa tu. Sasa baba yangu amekuja na nduma."

"Pole, mama."

"Usiniite mama hapa."

 Mtu akapita na kikombe, tukampisha. Kutoka ndani tukasikia rafiki yangu akiwaambia watu wa kompyuta nduma haimenywi kwa kucha ndefu. Mmoja akacheka. Binti yangu akafunga macho.

"Ulileta chumvi?" akauliza.

"Nilisahau."

"Huwa unasahau chumvi." Akanipangusia bega la koti, palikuwa na majivu ya jikoni, akarudi ndani.

Aliikagua hiyo kazi msimu wote wa mvua ndefu. Nilikuwa namsikia kutoka nje akizungumza na mashine kana kwamba ni kibarua mpya. "Hapana, si hivyo. Nimekwambia hapana." Mimi, niseme ukweli, nilikuwa nafurahi nikisikia hapana. Kila hapana ilikuwa siku nyingine nyumbani. Nikamwambia siku moja, "Pole pole basi. Nani anakukimbiza? Kukiisha wanakutoa."

"Nikienda pole pole itakuwa mbaya."

"Iwe mbaya."

"Ni maziwa ya watu, baba. Ni maziwa yako."

 Nilienda nikakata nyasi.

Asubuhi waliyoifungulia programu mpya, alikuwa macho kabla yangu. Hakutaka kwenda kituoni. Alisema akienda atasimama juu ya karani kama mama mkwe. Akaniambia niende mimi, niangalie, nirudi nimwambie.

Nikabeba mtungi. Foleni ilikuwa ya kawaida, ukungu, watu wanapiga miguu chini. Nikasimama hapo na ombi moja moyoni, na si ombi la kusema kanisani. Nilikuwa naomba isimame. Isome vibaya, karani agonge mizani, watu wapige kelele, simu ipigwe kwa binti yangu, warudi kwake.

Ikasoma. Mtu wa kwanza, ujumbe ukafika kabla hajafunga mtungi. Wa pili hivyo hivyo. Mbele yangu kulikuwa na jirani yangu mjane, na yeye ndiye nilikuwa nimemwekea tumaini. Yeye na kijana wake aliyeoa wanatumia nambari moja ya chama, ile ya marehemu. Nyumba nyingi hapa ziko hivyo. Baba anakufa, nambari inabaki moja, lakini ng'ombe ni wa wawili na kila mmoja anataka maziwa yake yasomwe kando. Mashine ilidhani hilo ni kosa la ndovu. Ilikuwa inalifuta kila mara, nilisikia binti yangu akibishana nayo siku nyingi juu ya hilo, mpaka sauti ikamkauka.

Mjane akamwaga mtungi wa kwanza. Akamwaga wa pili, wa kijana. Simu yake ikalia, na ng'ambo ya barabara simu ya kijana wake, aliyekuwa amekaa juu ya pikipiki, ikalia pia.

"Siku hizi iko haraka," mjane akaniambia. "Wameibadilisha?"

"Wameibadilisha."

"Wamefanya vizuri. Waambie."

Nikamwaga yangu. Simu ikatetemeka mfukoni, sikuitoa.

Nilirudi kwa njia ndefu, ile ya kupitia majani chai, ingawa mtungi ulikuwa mtupu na magoti yangu hayaipendi. Hata hivyo nyumbani si mbali kiasi hicho. Alikuwa amesimama mlangoni na shuka begani.

"Imefanya?"

"Imefanya."

"Haraka?"

"Haraka."

"Na ya mjane? Imegawanya?"

"Kila mtu na yake. Ya kijana imelia huko alikokuwa."

Akafurahi. Hilo ndilo sikuwa nimejitayarisha nalo. Alifurahi kweli, uso wote, kama mtu aliyepita mtihani, akapiga mkono kwa fremu ya mlango. Halafu furaha ikakaa hapo hapo ilipokuwa, haikujua pa kwenda. Akaingia, akakaa mbele ya kompyuta, akaangalia kidogo, akaifunga.

"Basi imeisha," akasema.

Mimi nikasimama na mtungi mkononi. Nilitafuta neno. Mjane alikuwa amenipa moja la kupeleka na hata hilo sikuweza kulitoa.

Akaniuliza kama ng'ombe amepewa maji.

Nilikuwa nimempa, ndoo nzima, kabla ya kutoka. Nikamwambia bado, ili apate kitu cha kwenda kufanya.